Moto wa Kuomba

Tata,

Nakuandikia, baba yangu, nikiwa kwenye meza yako, ile yenye mguu mfupi uliouwekea kipande cha mti chini. Ni saa kumi jioni, Jumamosi. Baba mdogo na wenzake waliokuja kutoka Msangano wameenda barabarani kutazama malori, maana kwao msiba umeshageuka matembezi. Ezekia mwanao yuko nje, anaongea na simu huku amenipa mgongo. Nimefunga mlango kwa ndani. Siku hizi sipendi mtu apite nyuma yangu nikiwa nimeshika kalamu.

Kesho baada ya ibada ukoo unakaa kikao cha kumaliza msiba wako. Kwa sauti wanasema watazungumzia kaburi na nguo zako. Kwa kunong'ona wanamzungumzia Mama Namwinga, jirani yako wa nyumba ya pili. Wanataka kumtaja mbele ya watu kwamba ana mkono katika kifo chako, kisha wamwambie arudi kwao ng'ambo ya mpaka, Nakonde, aiache nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Unajua mama mzee akishatajwa hivyo huku kwetu anaishije baada ya hapo. Hata bombani watu wanasubiri aondoke ndipo wasogee. Ushahidi wao ni ujumbe mmoja wa simu. Ujumbe ule uliingia na kwangu, na wiki tatu zote hizi nimefunga mdomo.

Kwa hiyo nakueleza wewe kwanza. Nikishindwa kukwambia wewe usiyeweza kunijibu, wao nitawaambiaje?

Unanijua, mimi si mtu wa kuamini. Miaka kumi na minane ya kutoa mizigo ya watu mpakani Tunduma imenionyesha karatasi zinazosema mchele na lori limejaa vitenge. Dereva akiniita mama kwa lugha ya ng'ambo, "Bamayo, kila kitu safi," hapo ndipo naomba turubai lifunguliwe. Wewe ulikuwa kinyume changu. Ulipima kahawa za watu kwenye chama cha ushirika tangu ujana wako, na wanunuzi binafsi walipoingia na mizani zao, chama kikafa, ukarudi nyumbani na koti la kazi na hukumlaumu mtu yeyote. Mimi nilikulaumu wewe kwa kutomlaumu mtu.

Basi Ezekia alipokuja na kile chombo baada ya masika, mimi nilishakunja uso kabla hajakitoa kwenye boksi. Kisanduku cheupe chenye mkia mfupi wa antena, ndani yake laini ya simu na betri ya akiba, na macho yake madogo ya kubandika ukutani. Akasema Dar wazee wanaoishi peke yao wanawekewa. Watoto wakiwa kazini wanajua mzee ameamka, ametoka, ameunguza sufuria. Nyumba inajilinda yenyewe na kumlinda mwenyewe, alisema, na fundi aliyemleta kutoka Mbeya akatikisa kichwa kukubali kana kwamba ni mahubiri.

Nikajiuliza, huyu ambaye Krismasi hakupiga hata simu, leo anataka kujua baba anafungua mlango saa ngapi? Kiwanja chako kinatazamana na barabara kuu. Hapa Mpemba siku hizi kila mwenye macho anatafuta pa kujenga gesti. Nikamvuta fundi pembeni nikamwambia aingize na namba yangu. Nikuambie ukweli, sikuiingiza kwa ajili yako. Niliiingiza ili Ezekia asikulinde peke yake.

Wewe ulicheka tu. Ukakipa chombo jina, karani. Asubuhi ukipita chini ya lile jicho la uani unavua kofia na kusema, "Ezekia, nimeamka," halafu unageukia upande wa Tunduma, "Eliza, nawe nimeamka." Chombo chenyewe kilikuwa hakisikii, kinaona tu. Nilikwambia mara tatu. Ukasema haidhuru, salamu ni salamu.

Shida ilianza na moshi. Fundi aliweka jicho moja kwenye mlango wa nyuma, moja uani, na moja darini jikoni la kunusa moshi, na ujumbe wake aliuandika kwa Kiswahili ili nisome upesi. Kila siku kama saa kumi na mbili asubuhi simu yangu ilipata MLANGO WAZI. Baadaye kidogo, JIKO MOSHI. Nikajua unatoka kwenda kuomba moto. Nakumbuka bibi alivyokuwa akitutuma tukiwa wadogo, kigae mkononi, unakwenda kwa jirani, unapewa makaa mawili matatu, unarudi unayapuliza yasife njiani huku machozi yanakutoka. Niliichukia sana kazi ile. Niliona ni kazi ya watu wasio na kiberiti.

Sasa wewe ulikuwa na kiberiti dirishani. Ulikuwa na umeme. Ulikuwa na binti mpakani na mwana Dar, na bado unatoka katika ile baridi ya Juni na kikaango chako kibovu kwenda kuomba moto nyumba za watu! Niliona aibu, Tata. Niliwaza wapita njia wanasemaje juu yangu.

Na baada ya aibu ukaja ugonjwa wangu wa kila siku. Wiki ya kwanza, kati ya mlango na moshi zilipita dakika ishirini na tano. Kutoka kwako hadi kwa Mama Namwinga mtoto anayetambaa hatumii dakika tano. Nikachukua daftari nikaanza kuandika. Wiki ya pili zikawa dakika kumi. Ya tatu, kumi na tano. Ya nne moshi ulitokea wenyewe kabla mlango haujafunguka. Ya tano zikarudi zile ishirini na tano. Mtu mwingine angeona hapo kuna zamu. Mimi niliona mtu anayeficha nyayo.

Wiki hiyo ya tano nikaja kukuvizia. Ndiyo, mimi binti yako niliegesha gari nyuma ya duka la pembejeo kabla ya saa kumi na mbili, nikazima taa, nikajikunyata na baridi kama askari wa doria. Ukatoka umevaa lile koti la chama. Ukaingia kwa Mama Namwinga. Nikahesabu dakika. Ukatoka na kikaango kinafuka moshi, na ulikuwa unacheka, mabega yanatikisika, unageuka nyuma kumjibu kitu alichosema. Tangu mama atutoke sikuwa nimekuona ukicheka vile. Mtoto mwenye akili angeshukuru Mungu akawasha gari akaenda kazini. Mimi nilikasirika. Niliona wivu, na mpaka leo sijui ulikuwa wivu wa mama au wangu mwenyewe.

Jumamosi yake nikaja na birika la umeme na jiko la umeme la sahani moja. Unakumbuka. Nikakwambia watu wanakucheka. Ukauliza, "Nani? Mtaje nikamsalimie." Nikasema mzee wa heshima zako haendi kuomba moto. Ukasema, "Nikienda kuomba moto napata na habari, Eliza." Nikakujibu habari ziko redioni. Ulinitazama kidogo, ukakitundika kikaango kwenye msumari. Nikadhani umekubali.

Nikatoka hapo moja kwa moja hadi kwa Mama Namwinga. Nilimsalimu vizuri, shikamoo yote, nikatabasamu kwa meno. "Tata ana moto wake sasa, mama. Tunataka apumzike na baridi." Akanijibu kwa upole, "Sawa, mwanangu. Tumesikia." Nilitoka getini nikisema moyoni, mwanao nani?

Hata hapo sikuridhika. Nikamwita fundi aliunganishe jicho la uani na king'ora, kilie kila mtu akiingia kabla wewe hujazima kwa ile rimoti ndogo uliyokuwa unaisahau mfukoni mwa koti. Nikabadilisha kitasa, funguo mbili tu, wako na wangu. King'ora kilianza kumlilia mbuzi wa jirani, kikafuata kumlilia mzee mwenzako aliyekuja kukuazima jembe. Akarudi bila jembe. Baada ya hapo hakuna mzee aliyekatiza uani kwako. Wewe ulibaki na karani wako.

Wiki ile ulinipigia simu mara mbili kuniuliza bei ya mahindi. Wewe, uniulize mimi bei ya mahindi! Nilikujibu kwa haraka kwa sababu nilikuwa kwenye foleni ya dirisha la forodha. Ulikuwa mpweke na ulikosa pa kuanzia, ukaanzia kwenye mahindi. Nilipaswa kulijua hilo papo hapo.

Alhamisi ile sikupata ujumbe. Hakuna mlango, hakuna moshi. Nilikuwa yadi tangu asubuhi na lori la mbolea ambalo karatasi zake zilichanganya pesa ya ng'ambo, kwacha mpya na zile za zamani, kila meza inanirudisha kwa nyingine. Saa tatu nikatazama simu, nikaona kimya. Nikasema moyoni, leo mzee ametulia. Nakumbuka hata nilijisikia vizuri. Mimi ambaye nikikuta lori halina kasoro nalizunguka tena, kimya kile nilikipitisha bila kukikagua.

Saa sita na dakika nne ukaja ujumbe. UANI MTU.

Haikupita dakika Ezekia akapiga kutoka Dar, maana ujumbe uliingia na kwake. "Nani yuko uani?" Nikamjibu, "Mama yako mpya." Tukacheka, Tata. Mimi na mwanao tulicheka. Nikakupigia mara moja, simu ikaita mpaka ikakatika. Nikasema hapokei kwa sababu amekaa naye. Nikasema nitakuja jioni niwafumanie. Nilitumia neno hilo hilo kwa baba yangu wa miaka sabini na mitatu.

Nilifika saa kumi na mbili jioni. Mpemba nzima haikuwa na umeme tangu alfajiri. Nilifungua kwa ufunguo wangu nikiwa nimeshaandaa maneno ya kukusema. Birika lilikuwa limejaa maji ya baridi. Msumari ulikuwa mtupu. Ulikuwa sakafuni jikoni, umevaa koti, umelalia mkono, na kikaango chini ya ubavu wako. Umebakiza hatua nne kufika mlangoni.

Ulikuwa unakwenda kuomba moto.



Daktari nilimuuliza, alikufa asubuhi au mchana? Akasema hawezi kusema kwa uhakika. Nikamshuku hata yeye, nikaona ananificha kitu. Kisha nikashukuru kwamba hajui, na sikumuuliza mara ya pili.

Msibani Ezekia alitoa simu akawaonyesha wazee. Saa sita na dakika nne, UANI MTU. "Mashine haina undugu na mtu," akasema. Mwanamke wa nyumba ya mbele akadakia kwamba ndiyo, king'ora kililia, na alimwona Mama Namwinga akitoka uani anakimbia kwa kadiri ya miguu yake. Baba mdogo akasema hapa pana mkono wa mtu. Hakuna aliyeuliza ujumbe ule ulikwenda kwa nani mwingine. Ezekia hakusema kwamba alinipigia. Tangu siku hiyo haniangalii machoni. Sijui ananikinga mimi au anajikinga mwenyewe, na bado namtazama kwa jicho la pembeni juu ya kiwanja, ingawa hajakitaja hata mara moja.

Na mimi? Nilikaa kwenye mkeka na wanawake, nimejifunika khanga, na nilipata nafuu. Naliandika hili ulisome hivyo hivyo lilivyo baya. Kosa likimwangukia yeye, mimi litanipita. Tena nusu ya moyo wangu iliamini. Kwa nini aje siku hiyo hiyo? Kwa nini akimbie? Nimezoea kuuliza maswali ya namna hiyo, na nimezoea kulipwa kwa kuyauliza.

Juzi nilimwita fundi aje ang'oe vyombo vyake. Nikamhoji kama ninavyohoji madereva. Kwa nini hakikuniambia baba ameanguka? Asubuhi nzima kilikuwa kinafanya nini? Akaacha bisibisi akanitazama kwa huruma ambayo sikuiomba. "Dada, hiki kinasema kikiona kitu. Kisipoona, hakina cha kusema." Jikoni alikuwa ameweka jicho la moshi tu, na hapakuwa na moshi. Mlangoni hukufika. Kwa hiyo kwa hesabu ya kile chombo, Alhamisi ile hakuna kilichotokea kwako.

Nikalala na neno hilo, na jana mchana nikaenda kwa Mama Namwinga. Usinisifu. Sikwenda kwa wema, nilikwenda kumpima kabla ya kikao nijue atajitetea vipi. Nilimkuta anafunga vitenge vyake kwenye shuka. Jumatatu mpwa wake atakuja kumchukua, maana habari za kikao zimeshamfikia. Akaniwekea kigoda, akanimiminia chai ya tangawizi bila kuniuliza kama nataka.

Ndipo nikajua habari ya moto. Mko wanne, alisema, kisha akajirekebisha, mlikuwa wanne. Mlianza baada ya yule mzee wa nyumba ya mwisho kufa peke yake na kukutwa siku ya pili. Kila wiki mmoja anatunza makaa chini ya majivu, na asubuhi wengine watatu lazima waje kuomba. Viberiti kila mtu anavyo. Jua likigusa mabati na mmoja hajaja, wawili wanamfuata kwake papo hapo, wanagonga mpaka afungue au wanavunja. Hamkuwaambia watoto wenu kwa sababu mlijua tutawacheka, na hamkukosea. Na zile dakika ishirini na tano zilizonikosesha raha? Kwake tu palikuwa na chai ya tangawizi. Kwa wale wengine wawili hapakuwa na chai.

Kwa hiyo nilipokuletea birika, nilikutoa kwenye moto wao. Niliwaambia kwa mdomo wangu mwenyewe wasikusubiri tena. Watu pekee katika mtaa huu ambao wangeshtuka usipotokea, nilikwenda nikawazoesha kutokukuona.

Lakini yeye hakuzoea. Alhamisi umeme ulipokatika akasema, leo atakuja. Akakuwekea kaa kubwa pembeni. Hukuja. Akajikaza, kwa sababu nilishamwambia maneno yangu na tabasamu langu. Kufika saa sita akashindwa, akaja. Aliingilia upande wa dirisha la jikoni, limefungwa, akakuita. Akakusikia unakohoa. Akaita tena, ukakohoa tena. Alipozunguka kuelekea mlangoni lile jicho likamwona, king'ora kikalia, akaogopa akatoka.

Alidhani unakataa kumfungulia kwa sababu nimekukataza. "Nikasema anamtii binti yake, mukwai, ni vizuri," akasema, kwa lile neno lao la heshima. Kisha akasema neno lingine, na nitalisikia mpaka nami nizikwe. "Nilijua kile chombo kinakuita wewe. Nikasema basi, Eliza anakuja."

Akakaa kwenye tofali mbele ya geti lake akitazama barabara. Kila gari dogo likipunguza mwendo anasimama. Alikaa mpaka saa tisa, akajiambia pengine nilikuja akiwa ameingia ndani kunywa maji. Tata, mimi ninayeshuku kila kiumbe, kumbe palikuwa na mtu mmoja mtaa huu ambaye hakunishuku hata kidogo, na nilikuwa nakunywa chai yake.

Nikamuuliza kwa nini msibani hakusema alikuja kukutafuta. Kwa nini aache wamtaje kwa jambo baya namna ile na jibu analo. Akafunga fundo la shuka, akalijaribu kama limekaza. "Awe," akasema, ile hapana yao ya ng'ambo, taratibu. "Awe, mwanangu. Ningesema nilimsikia yuko hai, wangeuliza chombo kilimwita nani. Mimi nina ndugu kule. Wewe utabaki na watu hawa."

Anafunga mizigo kwa ajili yangu. Mama niliyemwona mwizi wa baba yangu.

Saa sita ulikuwa hai. Nimeliandika, na sasa halifutiki. Ulikuwa hai, ulikuwa sakafuni, ulisikia jina lako likiitwa dirishani, ukajibu kwa kikohozi kwa sababu ndicho kilichokuwa kimebaki. Halafu ukasikia king'ora nilichokiweka mimi. Halafu ukasikia simu yako ikiita, na aliyepiga ni mimi, na hukuweza kuifikia. Kutoka Tunduma hadi hapa ni mwendo mfupi, unaujua. Pengine nisingekuwahi. Pengine ungenifia mikononi njiani kuelekea hospitali. Lakini ningekuwa nimekushika.

Nimelia hapa kidogo. Ezekia amegonga mlango akauliza kama niko salama. Nimemwambia asubiri.

Nitakwambia ninachokiogopa. Simwogopi baba mdogo, wala maneno ya wanawake wa Msangano. Naiogopa akili yangu. Imezoea kutafuta njia ya kupitisha mzigo. Tangu jana imeshaniletea njia tatu nzuri kabisa za kumwokoa Mama Namwinga bila kujitaja mimi: niseme chombo kilikuwa kibovu, niseme mtandao ulisumbua, niseme simu niliiacha garini. Zote zingepita, watu wangeamini. Ndiyo maana nikimaliza barua hii nitamfungulia Ezekia mlango, nimketishe kwenye kiti chako, nimsomee yote tangu mwanzo, pamoja na pale tulipocheka. Akishaijua, kesho sitakuwa na pa kurudi nyuma. Kama na yeye ana la kusema juu ya simu ile, atasema mwenyewe. Sitamsemea.

Mama Namwinga nimemwomba kesho aje kikaoni akae karibu nami. Hakuniahidi. Amesema atatazama miguu yake itaamkaje. Asipokuja, nitakwenda kumchukua, na asipotaka kutoka, kikao chote kitahamia uani kwake, hata kama baba mdogo itabidi nimshike mkono nimvute.

Na nakuahidi hivi, Tata. Baba mdogo akiuliza kama kuna mwenye neno, nitasimama. Sitaanza na chombo, wala umeme, wala Ezekia. Nitasema simu ilikuwa mkononi mwangu, nikasoma, nikacheka, nikarudi kwenye mbolea. Nitasema mama huyu alikuja kukutafuta, na mimi niliyeitwa sikuja. Wakitaka kumtoa mtu kwenye ukoo kwa ajili ya kifo chako, wana mtu wa kumtoa. Wakiniacha, basi asubuhi ya Jumatatu nitakwenda kuomba moto kwa Mama Namwinga, kama atakuwa bado yupo na kama atanipa.

Pumzika sasa. Sikuombi unisamehe, kwa sababu najua ungenisamehe haraka mno, kama ulivyowasamehe wale wa mizani, na safari hii sitaki iwe haraka. Nakupenda. Nilipaswa kukwambia ulipouliza bei ya mahindi.

Ni mimi binti yako, Eliza, niliyeitwa saa sita mchana nikaja saa kumi na mbili.